Mwalimu wa Mikia

Kila ninapolikuta neno la Kiingereza lenye mkia wa less, mimi silisomi, naona uso wa mtu. Careless kwangu ni fundi wa baiskeli wa pale stesheni, aliyesahau kukaza nati na kumwangusha mteja wake kwenye mtaro. Toothless ni bibi mmoja wa Kidete aliyemung'unya ubuyu kwa fizi. Speechless ni kijana bubu aliyechunga mbuzi wa mwinjilisti. Na useless, Mungu anisamehe kwa kulitamka, ni baba yangu mzazi. Nyuso hizo zilipandwa kichwani mwangu na mwalimu wetu wa Kiingereza, na leo nina mvi bado sijaweza kuzing'oa. Ndiyo maana namwandika. Simwandiki kwa kumkumbuka kwa wema, ingawa wema alikuwa nao, na wema huo ndio unaoniudhi zaidi.

Shule yetu ilikuwa kando ya reli, kati ya Munisagara na Kidete, na treni ya mizigo ilipopita ilibidi sote tunyamaze mpaka behewa la mwisho litokomee. Walimu wengine walikereka. Yeye alisimama na chaki mkononi akitazama nje, kisha akasema kwamba treni haijapita mpaka umeuona mkia wake, na maneno ya Kiingereza ni hivyo hivyo. Alitufundisha kwa kuanzia nyuma. Kila wiki ilikuwa na mkia wake. Kulikuwa na wiki ya ful, yaani tele. Wiki ya ness, yaani hali ya kitu. Wiki ya ship, ambamo tulikuta kwa mshangao kwamba friendship na hardship, urafiki na taabu, ni ndugu wa mkia mmoja. Aliandika maneno kwa safu ubaoni, akaipigia mikia mstari kwa chaki nyekundu, na sisi tukaimba maana zake mpaka wapita njia wakazijua.

Mkia alioupenda kuliko yote ulikuwa less. Huo ndio mkia wa ukosefu. Fatherless, asiye na baba. Childless, asiye na mtoto. Shameless, asiye na haya. Alituonya kwamba mikia mingine ina hila. Priceless, alisema, usidhani ni kitu kisicho na thamani. Ni kile ambacho hakuna bei inayokifikia. Takataka ni worthless. Alirudia tofauti hiyo mara nyingi, na nikiwa mtoto nilidhani ni mtu anayejua vizuri vitu gani duniani havinunuliki.

Lakini alikuwa na msemo wake: "Neno lisilo na mtu halikai kichwani." Kwa hiyo kila neno alilitafutia mtu, na si mtu wa kubuni. Alimtaja kwa jina, mtu tuliyemjua, jirani, shangazi wa mmoja wetu. Siku ya childless alikuwa akipita mama mmoja na ndoo ya maji kichwani, mke wa mlinzi wa ghala la stesheni. Mwalimu alimwita dirishani akamwomba asimame kidogo watoto wamwone. Mama wa watu alisimama, akatabasamu, akasawazisha ndoo yake, akidhani labda tunafundishwa kuhusu maji. Sisi tukaimba: childless, asiye na mtoto. Hakujua Kiingereza, ila Kiswahili alikijua. Aliondoka na ndoo yake na maji yakimmwagikia mabegani, na toka siku ile alikwenda kisimani kwa njia ya nyuma.

Mtu atauliza kwa nini hakuna mzazi aliyekuja kumkunja shati. Jibu ni utani. Mwalimu alikuwa Mnyamwezi, wa ukoo uliokuja na mizigo, ukabaki na reli. Sisi wa vilimani ni Wasagara. Tangu enzi za wapagazi Mnyamwezi na Msagara ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu hana. Anaweza kukamata kuku wako akamchinja mbele yako. Anaweza kumwita mama yako nyani na wewe ukamwita mpagazi asiye na kwao, mkamaliza kwa kula sahani moja. Kitu kimoja tu hakiruhusiwi: kukasirika. Anayemkasirikia mtani wake ni mtu asiyelelewa, na watu watamcheka yeye. Kwa hiyo mwalimu yule alipita katikati yetu miaka yote ile akisema atakalo, na sisi tukicheka. Mimi nilicheka pia. Nimegundua ukubwani kwamba kucheka kwa lazima hakuondoi hasira, kunaihifadhi tu.

Baba yangu alifanya kazi kwenye genge la reli, kubadilisha mataruma na kushindilia kokoto, mpaka kifua kikamharibikia wakamrudisha nyumbani. Tangu hapo alikaa uani akisuka majamvi, akikohoa. Wiki ya less ilipofika kwenye useless, mwalimu alizungusha macho darasani, akaniona. "Useless," akasema, "asiyefaa kitu. Kama baba wa huyu binti, reli imemtema." Darasa likaangua kicheko. Niliporudi nyumbani nilimweleza baba, neno kwa neno, nikasubiri. Baba alicheka mpaka kikohozi kikamkaba, mama akaja kumpigapiga mgongoni. Alipopata pumzi alisema yule ni mtani wetu, na kwamba kesho nimwambie baba yangu amesema mpagazi hajui hata kubeba chaki. Mimi nilitaka akasirike. Hata leo, amelala chini ya udongo miaka yote hii, bado nataka akasirike.

Mwalimu alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shingo iliyomtoka kwenye kola. Alivaa kofia ya pama ya kijivu, darasani, njiani, hata kwenye baiskeli akishuka mteremko, akiishika kwa mkono mmoja. Baiskeli yenyewe haikuwa na breki. Aliiita brakeless, akasema Waingereza hawana neno hilo, wamelipata kutoka Kidete. Neno fearless, asiye na woga, lilipohitaji mtu alijigonga kifua akasema, mimi hapa. Tulimwamini, maana tuliwahi kumwona. Mto Mkondoa ulipofurika na kuchukua daraja la miti, yeye ndiye aliyevua viatu akaingia majini, akatubeba watoto wa ng'ambo mmoja mmoja mabegani kwenda kwetu, kofia ikiwa kichwani, akitutukana kwamba Wasagara wazito kwa sababu wamejaa uvivu. Nilipanda mabega yale. Nakumbuka harufu ya tumbaku kwenye kofia ile, na jinsi alivyonishika vifundo vya miguu kwa nguvu ili nisianguke.

Mama yangu alijifunza kusoma kwake. Madarasa ya watu wazima yalipoanza, wanawake wa vilimani walikataa kukaa kwenye madawati ya watoto, basi alipanda yeye jioni baada ya kazi, akaandika herufi kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba yetu. Mama alijua kuandika jina lake na la baba kabla mvua haijarudi. Aliyaandika ukutani, upande wa mlango, yakabaki pale. Mwalimu hakuomba chochote isipokuwa boga la kuchemsha, ambalo alilila lote huku akisema Wasagara hawajui kupika. Huyo alikuwa mtu mwema, mseme mtakavyo. Lakini mtu mwema ndiye anayejua njia ya kufika nyumbani kwako.

Uhuru ulimkuta akiwa katika kilele chake. Asubuhi ile alitupa mkia wa dom: kingdom, freedom, wisdom. Akasema kingdom imeondoka, freedom imeingia, imebaki wisdom, na hiyo ninyi hamna. Azimio lilipotangazwa na mashamba ya katani ya Kilosa yakawa ya umma, akaleta wiki ya tion, tukaimba nationalisation mpaka ndimi zikatuuma. Halafu akageuka. Sijui ni mwezi gani, ila aligeuka kabisa. Akajiunga na chama kwa roho yake yote, akawa katibu wa tawi, akaanza kuwakemea watu waliochanganya Kiingereza dukani. Yule aliyetuchapa kwa kukosea mkia sasa alisema lugha ile ni kongwa. Hata hivyo ukimpita barabarani akiwa peke yake ungemsikia akijiimbia kwa sauti ndogo: restless, tireless, endless. Alikuwa na dini mbili na alikuwa mnyofu katika zote mbili.

Kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, lazima nieleze kuhusu kofia. Utani una mlango wa kutokea. Mtani akiwa na habari nzito, anavua utani kwanza. Kwetu alifanya hivi: alivua kofia kabla hajafika uani, akaishika mkononi, akakataa kiti, akakataa maji, akasimama. Ukimwona mtani wako amesimama uani kichwa wazi, unajua kwamba leo hakuna mchezo. Baba alipofia hospitalini Kilosa, habari aliileta mwalimu. Mama alikuwa anapepeta mahindi. Aliinua macho, akaona kile kichwa bila kofia, akaanza kulia kabla mdomo wa mtu haujafunguka. Mwalimu alijua kazi yake siku hiyo, na aliifanya kama inavyotakiwa.

Siku ya mazishi alivaa kofia tena. Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba, chini ya mgomba, na lilipokuwa tayari alirukia ndani akalala chali, kama watani wanavyofanya. Akasema shimo hili zuri mno kwa Msagara, analichukua yeye, na hatoki mpaka wafiwa wamtoe. Alikoroma. Wajomba wakamvuta miguu. Mama, ambaye alikuwa hajala wala kusema tangu jana yake, alicheka, akacheka na machozi, kisha akaomba maji. Najua alichomfanyia mama siku ile. Nilikuwepo. Wiki iliyofuata niliporudi shuleni, aliniangalia kwa huruma ya kweli kabisa, akaniambia nisimame, akaandika ubaoni fatherless.

Katika safu ile ndefu ya less kulikuwa na neno moja ambalo hakulipatia mtu. Homeless, asiye na kwao, asiye na nyumba. Alizunguka darasa zima. Wajane walikuwa na nyumba, vichaa walikuwa na nyumba, hata yule mlevi wa stesheni alikuwa na kibanda na dada wa kumpikia. Akatuambia huko Ulaya kuna watu wanalala barabarani. Tulicheka tukidhani anatutania, akacheka naye. Akasema basi, neno hili tuliache wazi, siku moja litapata mwenyewe.

Operesheni ya vijiji ilipokuja nilikuwa nimeanza kusomea ualimu Morogoro, na nilikuwa nyumbani likizo. Mavuno yalikuwa yameingia. Mahindi ya chakula yalikuwa darini, na ya mbegu yalining'inia juu ya jiko, yakikaushwa na moshi. Tulisikia kwenye redio ya jirani kwamba watu watahamia vijijini, lakini redio ilisema mengi na milima yetu ilikuwa mbali nayo. Adhuhuri moja mwalimu akapanda kilima akisukuma baiskeli yake. Majirani wakamfuata kama kawaida, maana alipokuja kulikuwa na kicheko. Akasimama uani, kofia kichwani, mkono kiunoni.

"Ninyi nyani," akasema, "Jumatatu malori yanakuja. Mtashushwa wote mkaishi kama watu, njia ya Mikumi. Atakayebaki, namchomea kibanda chake."

Miaka yote tuliyomjua alikuwa akitishia kuvichoma vibanda vyetu. Ndiyo ilikuwa salamu yake. Alituchomea tukichelewa kulipa ada ya shule, alituchomea mama akimpa boga lisiloiva. Mzee mmoja akamjibu achome haraka kuna baridi, tuote moto. Watu wakaanguka wakicheka. Nilicheka mimi, msomi wa chuo. Mama akamtolea kiti, akakikalia. Akamtolea boga, akalila lote, polepole, akitazama chini kwenye sahani. Akasema Wasagara hawajui kupika. Kisha akapanda baiskeli yake, akashuka mteremko akiishika kofia kwa mkono mmoja. Hakuna aliyefunga hata mzigo mmoja.

Jumatatu malori yakaja. Waliokuja nayo hatukuwajua, walikuwa mgambo kutoka mbali, vijana wasiokuwa watani wa mtu. Walitupa muda wa kutoa watu na mifugo. Mama aliwaambia wasubiri, kuna makosa, mtani wetu ndiye katibu wa tawi, aitwe. Kijana mmoja akamwambia katibu yuko chini kwenye lori, yeye ndiye aliyewaonyesha njia, na alishawapa taarifa, kwa nini hamkufungasha. Mama akasema, "Alikuja na kofia kichwani." Kijana hakuelewa. Akaweka moto kwenye ukingo wa paa, nyasi zilikuwa kavu, na mahindi yakaanza kulia ndani kama bisi. Nilimwona mama akitazama ukuta wa upande wa mlango, pale kwenye majina mawili ya mkaa, mpaka moshi ukaufunika.

Tuliteremka. Mwalimu alikuwa amesimama ng'ambo ya lori, kofia kichwani, akizungumza na dereva habari za tairi. Hakupanda kilimani siku ile. Hakutazama kilimani. Mama alipandishwa juu ya lori akaketi kwenye mtungi wake uliofunikwa, mikono magotini, na mimi nikakumbuka neno lililoachwa wazi darasani. Nikamtazama mama, nikaliona limepata mwenyewe. Hasira niliyoipata pale kwenye lori ndiyo ninayoiandikia sasa. Haijapoa hata kidogo.

Kijiji kipya kilikuwa kwenye barabara ya Kilosa kwenda Mikumi, nyumba kwa mistari, bendera katikati. Sitasema uongo: zahanati ilikuja, bomba la maji lilikuja, watoto wa ndugu zangu walisoma bila kuvuka mto. Tembo nao walikuja kutoka hifadhini wakala mahindi yakiwa mabichi, lakini hilo si kosa la mwalimu. Nyumba mpya tulijengewa na wanakijiji kwa zamu, na yeye alikanyaga udongo wa matofali pamoja nao. Mama aliishi pale kama mtu anayesubiri treni. Hakupanda mgomba. Alisema mgomba wake uko kwa mumewe.

Mara moja tu aliomba. Mwaka wa pili, kwenye mkutano wa kijiji, alisimama akamwambia katibu kwamba anaomba ruhusa arudi Munisagara, hata peke yake, akakae karibu na kaburi. Nilikuwepo, nimekuja kutoka kazini. Mwalimu alivuta pumzi. Watu wote walikuwa wanamtazama, na meza kuu ilikuwa na mgeni kutoka wilayani. Akasema, "Mtani, umewakumbuka nyani wenzako?" Mkutano ukacheka, mgeni akacheka. Mama naye akacheka, kwa sababu mtani hakasirikiwi, akakaa chini akatengeneza khanga yake. Hakuomba tena. Miaka ilipopita na watu wakaanza kurudi vilimani kimyakimya mmoja mmoja, miguu yake ilikuwa imeshakataa milima. Aliniambia jambo moja tu: nikifa nirudishe kwa baba yako. Nilimwahidi.

Mimi ni mwalimu sasa, Magomeni hapa Kilosa, na nafundisha Kiingereza. Nafundisha kwa mikia. Nilijaribu njia nyingine zote za vitabuni na vyuoni, hakuna inayoshika kichwani kama ile, laana yake. Wanafunzi wangu wanaimba ful, wanaimba ness, wanaimba ship. Ila mfano hai sitoi. Mtoto akiniuliza homeless ni mtu wa namna gani, namwambia ni asiye na makazi, basi, nafuta ubao.

Mama alikufa katikati ya masika. Mvua ile ilikuwa ya kutisha, Mkondoa ulipasua kingo, reli ikaning'inia hewani, na barabara ya kwenda Munisagara ikawa ziwa. Nilikimbia kwa kila mwenye gari. Nilimwomba dereva wa katapila. Nilikwenda mpaka ukingoni nikasimama nikatazama maji mekundu, mti mzima ukipita. Mwinjilisti alinivumilia kadiri alivyoweza, halafu akaniambia maiti haiwezi kungoja mto. Tukachimba pale pale kijijini, nyuma ya mstari wa mwisho wa nyumba, kwenye udongo wa mfinyanzi ambao mama hakuwahi kuupenda.

Mwalimu alikuwa amestaafu, anaishi Mikumi. Nilisikia kwamba anakaa kando ya barabara kuu akizungumza Kiingereza na wageni wa hifadhini, na kwamba wanamsifu. Alifika juu ya lori la magogo, mzee kabisa, shingo imekonda zaidi, kofia ile ile au nyingine ya kijivu. Watu wakapisha njia kwa furaha. Mtani amefika. Alinisogelea akasubiri shikamoo yangu. Sikumwamkia. Wanawake waliokuwa karibu walitazamana, mtu mzima kunyimwa shikamoo msibani ni jambo la kusimuliwa mwaka mzima. Yeye aliitikia marahaba kana kwamba nimemwamkia, akapita.

Kaburi lilipokuwa tayari alishuka ndani. Hakuruka safari hii, vijana walimshika makwapa wakamteremsha. Akalala chali kwenye tope, kofia kichwani, akasema shimo zuri mno kwa Msagara, na hatoki mpaka wafiwa wamtoe. Sauti ilikuwa nyembamba. Watu wakacheka kwa upendo. Kwa desturi ni mimi niliyetakiwa kumtoa, maana mimi ndiye mfiwa mkubwa. Nikasogea mpaka ukingoni, nikachuchumaa. Akakaa kitako ili anisikie. Tulikuwa karibu, uso kwa uso, na wengine walikuwa nyuma yangu.

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Siku ile ulipokuja kutuambia, kwa nini hukuvua kofia?"

Hakujifanya hajui ni siku ipi. Alitazama ukuta wa kaburi, akaupapasa kwa kidole.

"Ningeivua, mama yako angelia," akasema. "Nilikuwa na nyumba nyingi za kupita siku ile. Niliogopa, binti. Nilitaka nilile lile boga na yeye acheke."

"Ulijua tutacheka."

"Nilijua."

Nilikuwa nimesubiri jibu hilo kwa miaka, na nilidhani likija litanipunguzia kitu. Kumbe alijua. Alijua mlango wa kutokea ulipo, na hakuufungua, ili yeye asione machozi ya mwanamke mmoja. Sisi tukalipa kwa nyumba, kwa mbegu, kwa kaburi hili lililochimbwa mahali pasipo pake. Nikasimama. Kulikuwa na lundo la udongo pembeni, zito kwa mvua. Nikachota kwa mikono miwili, nikammwagia.

Watu wakacheka. Kicheko kikubwa, cha kutoka tumboni, na mtu akapiga makofi. Nikasikia mwanamke akisema binti wa marehemu ameujua utani, angalia anavyomzika mpagazi. Udongo ulikuwa umejaa kwenye ukingo wa kofia yake na mabegani, mwingine umemwingia kolani. Alikuwa amesimama sasa kwa shida, ameegemea ukuta wa shimo, ananitazama. Nikammwagia tena. Wakacheka tena.

Ndipo akainua mkono, akavua kofia. Akaishika kifuani, kichwa wazi, mvi zimelowa, akasimama hivyo ndani ya kaburi la mama yangu. Kicheko kikakatika nyuma yangu, mtu mmoja mmoja, mpaka nikasikia mvua kwenye migomba ya watu. Mjomba akaniita kwa jina langu, taratibu.

Nikainama, nikachota tena.